Nakala zangu mbili zilikuwa za tumbo moja

Mama Neema alinipigia Ijumaa jioni, Aprili 2023. "Mwanangu, ile sendofu ya Desemba bado unayo? Jumamosi ijayo ni misa ya arobaini ya mzee. Tunataka watu wamwone anavyompa binti yake wosia." Nikamjibu palepale, "Ipo mama, ondoa shaka."

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za shughuli: harusi, sendofu, kicheni pati. Ofisi iko Sinza. Nikachomeka diski (hard disk) ya Desemba. Ikaanza kuzunguka, halafu ikagonga: tik, tik, tik. Ikanyamaza. Ikaanza tena: tik, tik, tik. Kompyuta haikuiona kabisa.

Mlio huo nilishaujua. Hiyo ilikuwa diski ya tatu kunifia ndani ya miezi saba, zote za modeli moja, TB 4, nilizonunua Kariakoo.

Ya kwanza ilikufa Oktoba 2022 ikiwa na miezi saba tu. Kila niliyemwambia alisema umeme, nami nikakubali, maana siku hizo umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo. Nikanunua UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Januari ikafuata ya pili, ikiwa nyuma ya UPS hiyohiyo. Basi nikasema ni joto. Nikaweka feni, nikapima: haikuvuka nyuzi 46, wakati mtengenezaji anaruhusu hadi 60. Nikabadilisha kebo. Nikamgombeza kijana wangu wa ofisini kwamba anazichomoa ovyo, na jambo hilo nilimwomba radhi baadaye, kwa sababu hakuwa na kosa.

Sikuwahi kuigombeza diski yenyewe. Mtu akinunua kitu kipya, kina risiti na waranti ya miaka miwili, haiingii akilini kwamba aina nzima inaweza kuwa na kasoro.

Ijumaa ile bado nilikuwa na matumaini. Kila kazi nilikuwa naiweka kwenye diski mbili, na ile pacha yake ilikuwa kabatini, nzima. Nikaichomeka na kuanza kuhamisha kila kitu kwenda kwenye diski nyingine. Jumapili mchana mstari wa kuhamisha ukaganda. Nikasogeza sikio karibu. Tik.

Niliichomoa mara moja, na hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya wiki ile. Vichwa vya kusomea havigusi sahani, yaani yale maduara ya ndani yanayotunza data. Vinaelea juu yake kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Kichwa kikishaanza kuyumba, kila dakika ya ziada kinaweza kukwangua sahani, na kilichokwanguliwa hakirudi. Jirani mmoja alinishauri niifunge kwenye mfuko nikaiweke friza. Naomba usifanye hivyo, hasa kwa unyevu wa Dar: ukiitoa, maji yanatanda ndani kama yanavyotanda kwenye chupa ya soda baridi.

Jumatatu asubuhi nikaipeleka kwa fundi mmoja kijana, Kijitonyama. Hakuifungua. Akawasha Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye flashi, akatumia ddrescue, programu ya kuokoa data. Uzuri wake ni kwamba inasoma kwanza palipo pazima. Ikikwama inaruka, inaandika kwenye faili la ramani ni wapi imeruka, kisha inarudi kuyajaribu yale magumu mwishoni. Hata diski ikizima katikati, unaanzia pale ulipoachia. Ilifanya kazi usiku tatu. "Kaka, usiiguse, hata kuisogeza mezani usiisogeze," alinionya.

Tukiwa tunasubiri, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Umeshaziandika namba zake?"

Sikuwa nimeandika chochote. Nikarudi ofisini, nikazitoa zile nyingine tano, zilizokufa na zilizo hai, nikachukua daftari; za ile pacha alinisomea fundi. Namba ya modeli. Namba ya utambulisho (serial number). Tarehe ya kutengenezwa iliyo kwenye lebo. Tarehe ya kununua. Saa za kufanya kazi, kwa zile zilizokubali kusomeka. Diski huwa inajiandikia hali yake kwenye rekodi inayoitwa SMART, na programu ya bure kama smartctl inakuonyesha. Modeli ilikuwa moja kwa zote sita, na tarehe za kutengenezwa zilipishana kwa wiki chache tu. Nikaziingiza namba za utambulisho kwenye tovuti ya mtengenezaji: ni halali, si bandia. Na zile mbili za sendofu zilikuwa zimefanya kazi saa zilizokaribiana sana, maana nilizitumia pamoja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani nina nakala mbili. Kumbe zilikuwa ndugu wa tumbo moja, wenye ugonjwa mmoja, niliowapa kazi ileile kwa saa zilezile. Mmoja alipoanguka nikamtwisha mwenzake mzigo wa kusoma mfululizo siku mbili, naye akaanguka.

Si jambo geni. Mwaka 2000 IBM walitoa diski za Deskstar 75GXP, zikafa kwa wingi hadi watumiaji wakazibandika jina la "Deathstar", na mwaka 2001 kesi ikafunguliwa Marekani. Kampuni ya Backblaze, inayohifadhi data za watu, imekuwa ikitangaza takwimu za diski zake tangu 2013, na humo unaona wazi modeli moja inakufa mara nyingi kuliko nyingine hata zikikaa kwenye chumba kimoja. Kwao ishara za kutazama kwamba diski inaelekea kufa ni namba 5, 187, 188, 197 na 198 za SMART. Mimi naishi na mbili: 5, sekta mbovu (vipande vidogo vya diski vinavyoshika data) zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba, na 197, sekta zinazogoma kusomeka. Kwenye diski yangu ya tano, namba 197 ilisoma 8. Baada ya siku nne ikawa 16, kisha 104. Na muda wote huo juu kabisa ya ripoti ya SMART iliandika PASSED, yaani imefaulu! Usilitegemee neno hilo.

Nikaenda Kariakoo na daftari. Muuzaji akaanza: "Umeme wenu huo, bosi." Nikalifungua mbele yake, nikamsomea mstari kwa mstari. Akanyamaza, akapiga simu kwa mwagizaji wake. Akataka kunipa mpya za modeli ileile, nikakataa. Tukakubaliana niongeze pesa kidogo, nichukue za watengenezaji wawili tofauti.

Alhamisi fundi akaniita. MB 1.3 tu ndizo zilizoshindikana. Wakati wa kulishana keki picha inaganda na kuota miraba ya kijani kwa sekunde kadhaa. Wosia wa mzee uko mzima, neno kwa neno, hadi pale anapovua miwani kufuta macho. Nilimpelekea Mama Neema mwenyewe, kwenye flashi mbili. Aliishika ile ya kwanza kwa mikono yote miwili.

Sasa kila diski mpya naiandika daftarini kabla ya faili la kwanza kuingia, kisha naipa kipimo kirefu cha SMART, saa saba au nane kwa TB 4. Nakala ya pili lazima iwe ya mtengenezaji mwingine, na ya tatu inalala nyumbani kwa dada yangu Mbagala.

Ile ya sita bado inazunguka. 5 yake ni sifuri, 197 sifuri. Naitumia kuhamishia kazi tu, na jioni kabla sijafunga ofisi nahakikisha iko tupu.