Safari ya Desemba hupangwa kuanzia getini kwa bibi

Desemba 19, usiku.

Kesho kutwa, saa kumi alfajiri, ni kutoka Dar kwenda Rombo, Kilimanjaro, kwa ajili ya Krismasi. Mifuko imeegemezwa ukutani sebuleni, kila mmoja umeandikwa jina la nyumba. Gari limetoka kwa fundi. Bado kidogo tu, kwa hiyo usiku huu naweka kwenye maandishi yale ambayo kila mwaka tunayarudia kwa mdomo, na kila mwaka kuna anayeyasahau.

Swali la kwanza la safari hii ni "tutafika saa ngapi", kisha ndiyo uhesabu kurudi nyuma mpaka saa ya kuondoka. Kule juu bibi ameanza kumenya ndizi tangu asubuhi. Wazee wanalala mapema. Ukifika saa tatu usiku unamkuta mtu wa miaka themanini amejifunika blanketi akilazimisha macho, ndizi za mtori zimeganda sufuriani, na watoto wanapelekwa kitandani bila kumwona mtu. Salamu za mwaka mzima zinaisha kwa "haya, tutaonana kesho". Mimi naona huo ni wizi wa siku, maana siku zenyewe za kukaa nyumbani ni chache.

Kwa hiyo lengo ni kuwa getini saa nane mchana. Giza Desemba linaingia kama saa moja kasoro, hivyo kunabaki zaidi ya saa nne za akiba kwa ajili ya pancha, foleni na mvua. Kutoka Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550. Gari dogo lenye mzigo, likiheshimu vijiji, linatumia saa nane hadi tisa pamoja na kula. Ukiondoka saa kumi alfajiri, Chalinze unaipita kabla hakujapambazuka vizuri, Segera unafika kama saa mbili, Korogwe unakula, Same kama saa tano na kitu, Njia Panda ya Himo, pale unapoiacha barabara ya Moshi kupanda Rombo, saa saba. Ukisema "tulale kidogo, tuondoke saa kumi na mbili", hupotezi saa mbili tu. Unaingia Kibaha na Mlandizi wakati malori na daladala vyote viko barabarani, na saa mbili zinageuka nne.

Wanaokaa Tegeta, Bunju au Mbezi Beach wana njia nyingine, nayo haitumiwi inavyostahili: Bagamoyo, kisha barabara ya Msata, kilomita 64 za lami, unatokea barabara kuu huku Chalinze umeiacha nyuma. Ukipita Kiwangwa utaona mananasi yamepangwa kando ya barabara. Mawili matatu yanatosha. Nanasi lililoiva kwenye gari la moto hadi mchana linaanza kuchacha, na harufu yake ikichanganyika na kona za mlimani, watoto wanatapika.

Sasa gari. Kinachoharibu safari hii zaidi ni tairi, na sababu inajulikana. Kutoka Mkomazi kupita Hedaru na Makanya hadi Same, barabara ni ndefu, imenyooka, na mchana ni joto kali. Milima ya Upare iko kulia, kushoto ni nyika. Gari limejaa watu watano, gunia la mchele, ndoo ya mafuta. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila linapozunguka, kule kujikunja kunazalisha joto, na joto ndilo linalopasua. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye viwango viwili, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Jaza cha mzigo, na upime asubuhi gari likiwa limelala. Kosa linalorudiwa ni hili: mtu anasimama Korogwe, anapima tairi la moto, anakuta upepo umepanda pauni nne au tano, anasema umezidi, anaupunguza. Umepanda kwa sababu ya joto, na mtengenezaji alishalihesabu hilo. Ukiupunguza pale, unaingia Mkomazi na tairi legevu.

Angalia na umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kabisa na mpira wake ukawa umekwisha. Pitisha kidole gumba kwenye mifereji na ubavuni. Ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, usibishane na fundi, libadilishe. Na spea ipimwe pia. Spea inakaa mwaka mzima bila kuguswa, siku ya haja inatoka haina upepo.

Hilo la spea linahusu na upakiaji. Kwenye magari mengi spea, jeki na wili spana viko chini ya sakafu ya buti, na juu yake tunaweka kila kitu tunachomiliki. Pancha ikitokea, mzigo wote unashushwa kwenye vumbi, mabasi yakipita kwa kasi hatua mbili kutoka ulipo. Usiku wa leo toa jeki na wili spana, viweke chini ya kiti cha mbele pamoja na pembetatu mbili za tahadhari, na jaribu kulegeza nati moja ya kila gurudumu. Zile zilizokazwa kwa mashine gereji mara nyingi hazifunguki kwa mkono wa mtu mmoja, na heri ulijue hilo ukiwa nyumbani. Mizigo mizito, yaani mchele, sukari na mafuta, ikae chini kabisa na isogee mbele hadi kwenye mgongo wa kiti cha nyuma. Vyepesi juu. Kwenye keria weka nguo na magodoro tu, kwa sababu uzito wa juu unaonekana kwenye kona za Marangu.

Gari kuchemsha huja baadaye, ukishakuwa karibu kufika. Korogwe iko chini, kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Same tayari ni zaidi ya mita 800, na baada ya Himo ndipo kupanda kwenyewe kunapoanza. Rejeta iliyojazwa maji ya bomba mwaka mzima ina kutu na uchafu, na feni yenye beliti iliyochoka haipulizi vya kutosha gari likienda taratibu kwenye mlima. Weka kulanti, siyo maji matupu. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita hata kama wote mtalalamika, na utafute mahali pa kuegesha. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa nusu saa nzima. Ukifunguliwa ukiwa wa moto, maji yanaruka usoni.

Mafuta: kwa kilomita kumi kwa lita, ambayo ndiyo hali halisi ya gari lililojaa na kiyoyozi kimewashwa, unahitaji kama lita 55 hadi Moshi, na tangi za magari madogo wengi tuliyonayo haziwezi. Jaza Dar, ongeza Korogwe au Same, na usipande Rombo bila kujaza Himo.

Kuhusu trafiki, sheria ni rahisi na bado inatugharimu. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, kibao kinaonyesha mwanzo na kingine kinaonyesha mwisho. Tatizo ni kwamba kijiji kinaonekana kimekwisha kabla kibao cha mwisho hakijafika, dereva anakanyaga, anapigwa tochi ya kupimia mwendo mita mia baadaye. Kosa moja ni shilingi 30,000, na makosa matatu ni mchele wa nyumba kadhaa. Lakini zaidi ya faini, Desemba vijiji vyote vya Hedaru na Makanya vina watoto waliofunga shule, na wanacheza kando ya lami.

Chakula cha njiani kiwe kikavu na kidogo: viazi vya kuchemsha, mayai, maji, ndizi mbivu. Chipsi na soda alfajiri ndiyo chanzo cha kutapika karibu mara zote. Anayetapika akae dirishani aangalie mbali mbele, simu aweke chini. Simameni kila saa mbili, kuchimba dawa na kunyoosha miguu, dereva pia atembee. Mombo, pale njia ya Lushoto inapoanzia, ni mahali pazuri: msimu huu plamu na pea za milimani zinashuka kwa ndoo, na hizo zinavumilia safari. Maeneo ya Mwanga kuna perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu waliokaushwa. Wafungwe kwenye gazeti mara tatu.

Narudi kwenye ile mifuko sebuleni, maana kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tulipokuwa tunapakia kwa aina, sukari yote pamoja, sabuni zote pamoja, ugawaji ulifanyika uani mbele ya macho ya kila mtu, na daima kulikuwa na nyumba iliyopata pungufu. Ukipanga kwa nyumba, hesabu unaifanya Dar, kwa utulivu. Mfuko wa kawaida: mchele kilo tano, sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia lita moja, mche wa sabuni, majani ya chai, chumvi. Wa bibi unaongezewa doti ya khanga na sweta. Wa baba mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, hautofautiani na mingine kwa wingi, ila unatangulia kukabidhiwa. Shangazi walioolewa wasisahaulike kwa sababu tu hawakai kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Mifuko yao ipelekwe huko waliko, siyo kuachwa kwa bibi waje kuichukua. Na weka mitatu ya ziada isiyo na jina. Kuna mkwe mpya, kuna jirani aliyefyeka majani makaburini mwaka mzima bila kuombwa, na kuna mtu ambaye hukumkumbuka kabisa mpaka umwone anakuja na fimbo yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia ya kitambaa. Nayo inabaki kuwa zawadi. Mikate usinunue Dar. Inafika imebonyea. Inunuliwe Himo.

Kuna vitu visivyobebwa kwenye gari ambavyo vinatakiwa kutangulia. Mbege, pombe ya ndizi ya kwetu, haitengenezwi kwa siku moja: ndizi zinapikwa, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, kisha ndiyo unakuja ulezi ulioota, na magome ya mti wa msesewe ya kuitia uchungu. Hesabu wiki nzima. Pesa ya ndizi na ulezi iende kwa simu siku kumi kabla, na ya mbuzi iende mapema zaidi, kwa sababu wiki ya Krismasi bei ya mbuzi inapanda kila siku ya gulio. Anayefika mikono mitupu tarehe 23 akidhani atanunua huko, ananunua aliyekonda kwa bei ya aliyenona.

Kutoka Same hadi Himo, watoto wakiwa wamechoka na nyimbo zimeisha, ndio wakati wa karatasi. Tumeichora: babu na bibi juu, chini yao watoto wao tisa kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha wajukuu. Mtoto wa mjini anawaita wote "anko" na "anti", na hilo linawaumiza wazee kuliko wanavyosema. Afahamu kwamba kaka mkubwa wa baba ni baba mkubwa, kwamba shangazi ana neno lake kwenye mambo ya ukoo, kwamba kaka wa mama ni mjomba na yuko kihamba kingine. Majina matano matano, mpaka njia panda. Na ile salamu moja ya kwao, "shimboni", kila mmoja aitamke kwa sauti ndani ya gari kabla ya kuitamka mbele ya bibi.

Lami inapita Marangu, Mwika, Mkuu hadi Tarakea. Kinachobaki ni ile njia ya mwisho ya udongo mwekundu kushuka nyumbani, labda mita mia nne. Ikiwa imenyesha, usiishuke na gari lenye mzigo. Udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni, na kushuka siyo shida, shida ni kupanda siku ya kuondoka. Egesha juu kwa jirani au kanisani, piga simu, vijana watakuja kubeba. Wakati wa kuteremka mlima shika gia ndogo, kwenye otomatiki weka 2 au L, usiegemee breki peke yake. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mpaka zipoe.

Siku ya kurudi buti litajaa tena. Mkungu mmoja wa ndizi unaweza kufika kilo 25 au 30, na hakuna namna ya kuukataa. Ukatwe vichane, vipangwe juu ya majani makavu ya mgomba, parachichi ngumu zijaze mapengo. Tarehe 2 Januari kila mtu yuko barabarani kwa sababu ya shule na kazi. Tarehe 30 au 4 ni afadhali sana.

Asiye na gari asijilaumu. Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka ishirini, na kwa mama mwenye mizigo na miguu inayovimba, kulala ndani ya behewa ni nafuu kuliko kukaa saa kumi kwenye kiti cha basi.

Imebaki kupima spea, kuweka masweta ya watoto juu ya mizigo, maana Mkuu usiku ni baridi na hawataamini mpaka washuke, na kumpigia bibi kumwambia ni saa nane mchana.