Kumbukumbu ya mradi: kuzisaka huduma zinazofanya kazi chini kwa chini kwenye Linux

Mashine ni kompyuta ya mezani yenye Debian 12 na GNOME, inayogeuzwa kuwa seva ya faili. Zinazotakiwa kubaki ni SSH (ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) na Samba (ya kugawana faili kwenye mtandao). Nyingine zote zijulikane kazi yake kwanza, ndipo zizimwe.

Kikao cha 1: orodha

Kabla ya lolote, ijulikane ni nani anayesimamia huduma:

`ps -p 1 -o comm=`

Jibu likiwa systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma), yaliyo hapa chini yatafaa. Debian ilianza kuitumia kama chaguo-msingi kwenye toleo la 8, mwaka 2015. Linux nyingine zisizoitumia zina amri zake: Alpine ina `rc-status`, na Void ina `sv status /var/service/*`.

`systemctl list-units --type=service --state=running`

Ukiacha `--state=running`, orodha inakuwa ndefu na inapotosha. Huduma kama keyboard-setup hufanya kazi yake mara moja tu kompyuta inapowaka, kisha hubaki zimeandikwa active, huku safu ya SUB ikisema exited. Hakuna mchakato wowote nyuma yake, kwa hiyo kuizima hakuokoi RAM hata kidogo.

Zilizopangwa kuanza pamoja na kompyuta ni swali jingine kabisa:

`systemctl list-unit-files --type=service --state=enabled`

Orodha hizi mbili hazilingani, na hilo si kosa. Huduma inaweza kuwa disabled (haijapangwa kuanza yenyewe) lakini ikawa inafanya kazi, kwa kuwa nyingine imeiita. Zile za static haziwezi kuwekewa enable kwa sababu faili lake halina sehemu ya Install; zinasubiri kuitwa. Polkit, inayosimamia ruhusa, ni mfano: huamshwa kupitia D-Bus, njia ambayo programu hutumia kuwasiliana. Ukitaka kujua nani anaitegemea huduma fulani, tumia `systemctl list-dependencies --reverse` ukifuatisha jina lake, ingawa wito wa D-Bus hautauona humo.

Kikao cha 2: poti (namba za milango ya mtandao)

Kwa seva, hapa ndipo ilipofaa kuanzia. Huduma isiyosikiliza mtandao inakula kumbukumbu tu. Inayosikiliza ni mlango.

`sudo ss -tulpn`

Usisahau sudo, la sivyo safu ya mchakato inabaki tupu kwa kila programu isiyo yako. Mistari mitatu, ikiwa imefupishwa:

`udp  0.0.0.0:5353   avahi-daemon pid=612`
`tcp  127.0.0.1:631  cupsd pid=841`
`tcp  0.0.0.0:22     sshd pid=790`

Soma anwani kabla ya jina. 127.0.0.1 maana yake mashine yenyewe tu ndiyo inayoweza kubisha hodi, 0.0.0.0 au [::] ni anwani zote za mashine, ikiwemo ya kadi ya mtandao. Kwa hiyo CUPS (huduma ya kuchapisha, yenye mchakato cupsd) hapa haina haraka, Avahi (ya kutangaza na kutafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani) ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Jina la mchakato mara nyingi si jina la huduma. Usikisie, mpe systemctl namba yenyewe:

`systemctl status 612`

Itataja huduma inayoumiliki mchakato huo pamoja na mistari ya mwisho ya logi yake. Ukitaka yote kwa mpigo, `ps -eo pid,unit,cmd`.

Kikao cha 3: CUPS inafufuka

`sudo systemctl stop cups.service` ilikubali, ila ikaonya kwamba huduma bado inaweza kuamshwa na cups.socket na cups.path. Onyo hili lisipuuzwe. Soketi (faili la mawasiliano) ya /run/cups/cups.sock inashikwa na systemd yenyewe. Programu yoyote ikiigusa, mfano dirisha la kuchapisha, CUPS inarudi. Juu ya hapo cups-browsed nayo inaidai CUPS ikianza. Dawa ni kuzizima zote nne kwa pamoja:

`sudo systemctl disable --now cups.socket cups.path cups.service cups-browsed.service`

Avahi ni vivyo hivyo, ina avahi-daemon.socket. Na `disable` bila `--now` haisimamishi kitu. Inaondoa tu mpango wa kuanza safari ijayo.

Kwa huduma king'ang'anizi kuna `mask`, inayoweka kiungo cha kuelekea /dev/null ndani ya /etc/systemd/system ili isiweze kuanza kabisa. Faili la huduma likiwa tayari limo kwenye folda hiyo hiyo, mask inagoma kwa kuwa jina limeshachukuliwa. Lihamishe kwanza.

ModemManager nayo imezimwa. Bila modemu ya simu haina kazi, na ina tabia ya kuchokonoa vifaa vya USB vya serial kama bodi za Arduino.

Kikao cha 4: zisizoonekana

Huduma za mtumiaji, PipeWire ya sauti ikiwemo, zina orodha yake: `systemctl --user list-units --type=service`. Zinazoamka kwa saa zimo kwenye `systemctl list-timers`. Programu iliyoanzishwa na mstari wa @reboot kwenye crontab (ratiba ya kazi za cron) haihesabiwi kuwa huduma, na iliyoachwa ikiendelea kwa amri ya nohup baada ya kutoka SSH pia. Zote mbili hukamatwa na `systemd-cgls`: ya kwanza hukaa chini ya cron.service, ya pili chini ya scope (kundi la michakato) ya kikao cha mtumiaji.

Baada ya kuwasha upya, `ss` ilirudiwa. Mbali na 22, Samba ina TCP 139 na 445, na UDP 137 na 138. Hizo za UDP ni za nmbd, ya NetBIOS (mfumo wa zamani wa majina ya mashine kwenye mtandao), isiyohitajika kwa mashine za kisasa, imezimwa. Lakini 139 ilibaki wazi, kwa sababu anayeifungua ni smbd, huduma ya Samba inayogawa faili. Imefungwa kwa mstari `smb ports = 445` chini ya [global] ndani ya smb.conf, kisha `sudo systemctl restart smbd`.