Barua ya kazi iliyoandikwa ovyo: namna ya kuirekebisha

Barua nyingi mbaya za kazi, zile mwajiri anazompa mfanyakazi anayeondoka, haziandikwi kwa chuki. Zinaandikwa jioni, dakika chache kabla ya ofisi kufungwa, na karani aliyeambiwa "mwandikie chochote". Anafungua barua ya mtu aliyeondoka mwaka jana, anabadilisha jina, anasahau kubadilisha cheo, anachapa. Ni vizuri kulijua hilo kabla hujapandwa na hasira, maana mwajiri mvivu na mwajiri mwenye kisirani hawaendewi kwa njia moja. Mvivu hahitaji kutishiwa mahakama. Mpelekee barua mpya iliyokwisha kuandikwa, abaki na kazi ya kusaini na kugonga mhuri tu.

Kwanza tenganisha karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Cheti cha utumishi kinaeleza ukweli mtupu: nani, wapi, kazi gani, kuanzia lini hadi lini. Barua ya mapendekezo inakusifu. Cha kwanza ni haki yako, ya pili ni hisani. Nchini Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe cheti kwa kila mfanyakazi aliyemtumikia wiki 4 mfululizo au zaidi, na kinataja yanayopaswa kuwamo: jina la mwajiri na anwani yake ya posta, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyika kwa kawaida, na tarehe ya kukoma. Kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia au utendaji wako. Mwajiri anayekataa kutoa cheti, kwa makusudi au kwa uzembe, au anayeweka ndani yake jambo analolijua kuwa si kweli, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria haibagui hapa: dereva, mlinzi na msaidizi wa nyumbani wamo.

Tanzania Bara, kifungu cha 44(2) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo usipeleke Unguja hoja za sheria ya Bara.

Maana yake ni kwamba ukidai "niandikie kwamba nilikuwa hodari", huna pa kusimama. Ukidai "tarehe ya kuanza si Machi 2021, ni Machi 2019, na mkataba huu hapa", unapo. Elekeza nguvu zako kwenye yale yanayothibitika.

Makosa ya kutafuta

Chukua kalamu na usome barua mstari kwa mstari, huku umeweka pembeni kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule. Anza na jina. Mohamed na Mohammed, Neema J. Mushi na Neema John Mushi: kwa mtu anayekujua ni yuleyule, ila kwa afisa anayelinganisha nyaraka za mtu asiyemjua ni watu wawili. Majina yaandikwe yote, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho.

Kosa linalowaumiza watu wengi zaidi liko kwenye tarehe. Mtu amefanya kazi miaka 5 kwa mikataba ya mwaka mmojammoja. Karani anafungua faili, anaona mkataba wa juu kabisa, anaandika tarehe zake. Miaka 4 imepotea. Tangazo likitaka uzoefu wa miaka 3, umeshaanguka kabla ya usaili. Angalia pia kama tarehe zinalingana na taarifa yako ya michango ya NSSF, kwa sababu mwajiri mpya anayefanya uchunguzi wa kweli hulinganisha hizo mbili. Mara nyingine tofauti haitokani na barua. Michango ya miezi ya majaribio haikupelekwa, na hapo una dai jingine kabisa, tena la fedha.

Cheo nacho. "Alikuwa mfanyakazi wetu" haimwambii mtu kitu. Kama barua ya kupandishwa ilisema "Fundi Umeme Mwandamizi", ndivyo cheti kiseme, na kitaje cheo cha kuanzia na cha kumalizia pamoja na tarehe ya mabadiliko.

Kisha tazama umbo lake: karatasi yenye nembo ya kampuni, kumbukumbu namba, tarehe ya barua yenyewe, jina na cheo cha aliyesaini (mchoro wa sahihi peke yake hautoshi), mhuri, na simu ya ofisi inayopokelewa. Barua yenye namba ya simu ya meneja aliyekwisha kuhama haina faida kwa anayetaka kuihakiki. Picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp, ikiwa na kivuli cha mkono, haitoshi kama nakala. Omba iliyopigwa skana kwa PDF, na karatasi halisi ukaichukue mwenyewe.

Mwisho ni maneno matupu. "Tulifurahi kufanya naye kazi na tunamtakia kila la heri." Hakuna kosa la kisheria hapo, lakini hakuna kitu pia. Mbaya zaidi ni sifa zisizohusu kazi: mpole, mcha Mungu, mnyenyekevu, hana makuu. Mwandishi wake anadhani amekupamba. Anayeajiri mhasibu anasoma ukurasa mzima wa upole na kujiuliza kwa nini hesabu hazikutajwa.

Ushahidi kwanza

Kabla ya kuandika chochote kusanya hivi: mkataba wa kwanza na wa mwisho, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa au kuhamishwa, slipu ya mshahara ya mwezi wa kwanza na wa mwisho, taarifa ya NSSF, fomu za tathmini ya utendaji, na barua yako ya kuacha kazi yenye mhuri wa kupokelewa. Aliye bado kazini aanze leo, kwa kuwa siku ya mwisho barua pepe ya ofisi hufungwa kabla hujafika getini. Ila chukua nyaraka zinazohusu ajira yako tu. Orodha ya wateja au bei za kampuni zikikutwa kwenye barua pepe yako binafsi, wewe ndiye utakayejieleza.

Kama nakala za faili lako huna, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakupa haki ya kuomba kuona taarifa zako zilizo kwa mwajiri na kuomba zisizo sahihi zirekebishwe. Maafisa utumishi wengi bado hawaijui vizuri njia hii, kwa hiyo itaje sheria kwa jina kwenye barua yako.

Barua ya kuomba marekebisho

Ukurasa mmoja. Isianze na malalamiko wala historia ya ugomvi wako na msimamizi. Iandikwe kwa aliyesaini, nakala kwa afisa rasilimali watu. Weka jedwali la safu 3: kilichoandikwa, kilicho sahihi, uthibitisho. Mistari 3 au 4 inatosha; ukifika 12 umeanza kugombania maneno. Ambatisha rasimu iliyosahihishwa, na uitume pia kwa Word ili karani asichape upya, maana akichapa upya ataingiza makosa mapya. Rasimu yenyewe iwe ya namna hii:

"KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA
YAH: UTHIBITISHO WA AJIRA YA [majina matatu]
Tunathibitisha kwamba aliyetajwa hapo juu aliajiriwa nasi kuanzia 1 Machi 2019 hadi 30 Juni 2024, kwa mikataba iliyofuatana bila kukatika. Alianza akiwa Msaidizi wa Ghala, na kuanzia 1 Januari 2022 alikuwa Mtunza Ghala katika kituo chetu cha Ubungo. Alisimamia upokeaji na utoaji wa bidhaa, kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi, na wasaidizi 4. Ajira yake ilikoma mkataba ulipomalizika. Kwa uthibitisho zaidi wasiliana na ofisi ya rasilimali watu kwa namba iliyo hapo juu."

Ona kwamba hakuna hata sifa moja, na bado msomaji ameshajua mtu huyu aliaminiwa na mali na watu. Mwajiri anayeogopa kusifu husaini barua ya aina hii bila wasiwasi.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki masijala au mapokezi, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Omba jibu ndani ya siku 7 za kazi. Muda huo haumo kwenye sheria, ni wa kiungwana tu. Siku zikipita, kumbusha mara moja kwa maandishi. Kuulizia kwa simu hakuachi alama.

Barua inapokuchafua

"Aliachishwa kwa wizi." "Suala lake liko polisi." "Alikuwa mgonjwa mara kwa mara." "Alikuwa mchochezi wa chama cha wafanyakazi." Hapa sasa si uvivu. Afya yako na uanachama wako havina nafasi kwenye cheti, dai viondolewe moja kwa moja. Tuhuma ambayo haijaamuliwa haipaswi kuandikwa kana kwamba imethibitishwa, na kwa Kenya sababu ya kuondoka haimo kabisa kwenye orodha ya kifungu cha 51. Pendekeza sentensi isiyoegemea popote: "Ajira yake ilikoma tarehe fulani."

Kama kikao cha nidhamu kilikaa kweli na uamuzi ukatoka, usimwombe mwajiri aandike kwamba uliacha kwa hiari. Unamwomba aandike uongo, na kwa Kenya uongo wa makusudi ndani ya cheti ni kosa lake la jinai. Omba anyamaze kuhusu sababu. Hilo wengi hukubali, hasa likiwa sehemu ya makubaliano ya kumaliza mgogoro wa malipo, ambapo maneno ya cheti huandikwa neno kwa neno kama kiambatisho kabla ya mtu yeyote kusaini.

Akikataa, Kenya unaanzia kwa afisa wa leba, na madai ya mkataba wa ajira kwa jumla yana ukomo wa miaka 3 mahakamani. Amri ya kutoa cheti cha utumishi ni ya kawaida katika hukumu za Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, mara nyingi pamoja na malipo mengine, kwa hiyo ukiwa na kesi ya malimbikizo usisahau kuiomba. Tanzania Bara unaweza kumwona afisa kazi, au kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa fomu CMA F.1. Mtego uko kwenye muda: siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Watu huzungushwa na ofisi ya rasilimali watu miezi 3 kwa "njoo wiki ijayo", na wanapofika Tume wameshachelewa. Wanalazimika kuanza na fomu CMA F.2 ya kuomba kuongezewa muda, na "nilikuwa naongea nao" si sababu yenye nguvu. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda siku ileile unayopokea barua mbovu.

Wakati unasubiri

Usiiguse barua. Kubadilisha tarehe kwenye PDF, hata kama tarehe unayoweka ndiyo ya kweli, ni kughushi. Mwajiri mpya akipiga simu akasomewa nakala ya faili, ukweli wako hautakusaidia.

Jazia kwa watu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya Tanzania huomba wadhamini 3, yaani watu wa kuulizwa kukuhusu, wenye mawasiliano ya uhakika, na mdhamini mzuri ni msimamizi wako wa karibu kuliko mkurugenzi aliyekuona kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Anaweza kuandika kwa jina lake mwenyewe, bila nembo ya kampuni kama hana ruhusa ya kuitumia, akieleza alikusimamia kwa muda gani na ulifanya nini. Mpe wasifu wako, tangazo la kazi unayoomba, na wiki nzima. Mwambie pia ni kampuni gani zitampigia. Mdhamini anayeshtukizwa sokoni husema "ndiyo, namkumbuka kidogo".

Ukiulizwa kwenye usaili, sentensi moja: "Cheti kina kosa la tarehe, nimeomba kirekebishwe, nakala ya ombi na mikataba hii hapa." Ukizidisha maelezo, watageuza kikao kuwa kesi ya mwajiri wako wa zamani.

Kwa wanaopeleka nyaraka Ujerumani kuna la kuongeza. Kule barua za kazi zina lugha ya alama iliyozoeleka: "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit" (siku zote alituridhisha kikamilifu kabisa) ndiyo daraja la juu, "zu unserer Zufriedenheit" (alituridhisha) ni ya kupita kwa shida, na kusema mtu alijitahidi ni kumfelisha. Barua yako ya Nairobi au Dar yenye "alijitahidi sana" ikitafsiriwa ilivyo, itasomwa vibaya na mtu asiye na nia mbaya. Iondoe sentensi hiyo kabla ya kumpelekea mfasiri aliyeidhinishwa. Muuguzi aombe zaidi: wodi alizofanya kazi, kipindi cha kila wodi, na saa kwa wiki.

Kampuni ikiwa imefungwa kabisa, tafuta kama kuna mfilisi aliyeteuliwa, kwa kuwa huyo ndiye anayeshika kumbukumbu. Kama hayupo, funga pamoja mkataba, slipu za mshahara, taarifa ya NSSF inayoonyesha jina la mwajiri na miezi aliyochangia, na barua binafsi ya msimamizi wa zamani. Juu yake weka maelezo ya mistari 5 ya kwa nini cheti hakipo.