Siku yangu na mwani mwekundu, Maskati

Saa 1 asubuhi. Nafungua duka langu la samaki na mwani wa kutazama, na kabla sijawasha taa natumbukiza mkono kwenye tangi la mwani. Ndivyo mama alivyofanya kule Paje, Unguja, akifika shambani maji yakipwa, na hakuwa na kipimajoto. Mimi ninacho, kinasoma nyuzi 25. Nje, Julai ya hapa inapita 40. Mwaka juzi kipoza maji kilizimika usiku. Asubuhi nikakuta halimenia, ule mwani mpana wa rangi ya moto, umegeuka uji na maji yamekuwa ya waridi. Sasa simu hunilia joto likipita 27.

Saa 2. Napima. Chumvi imepanda kidogo juu ya gramu 35 kwa lita, kwa kuwa maji hupaa kwa mvuke na chumvi hubaki. Nafidia kwa maji matamu yaliyochujwa, si ya chumvi. Nitrati na fosfati, vyakula vya mwani, zinasoma 10 na 0.1 (miligramu kwa lita). Matone machache ya chuma, basi.

Saa 3 mpaka saa 6 ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Nautoa grasilaria, mwani mwekundu wa matawi, nausuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi lilelile, maana ya bomba yangeuua, kisha kwa kibano nachambua nywele za kijani zilizojisokota kwenye matawi. Ukiziacha wiki mbili, zinaufunika na kuunyima mwanga. Matawi marefu nayakata kwa mkasi. Kila kipande ni mche mpya. Nakifunga juu ya jiwe kwa mshipi mwembamba, fundo lilegee kama taitai tulizofungia mwani kwenye kamba kule nyumbani. Ukikaza, shina linakatika likinenepa. Botriokladia naushika kwa shina tu, kwani vile vifuko vyake kama zabibu vimejaa ute, na vikiminywa vinapasuka. Mwisho nageuza pampu ili mkondo upite kila upande, vumbi lisitulie juu ya majani.

Chakula, sala, wateja wawili wa samaki.

Saa 10 alasiri niko Seeb, karibu na Maskati, kwa mzee mmoja mzaliwa wa Unguja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone mgonjwa wangu."

Grasilaria niliyomuuzia ikiwa nyekundu kama komamanga imepauka, rangi ya majani makavu. Maji yanang'aa. Napima nitrati: sifuri. Skima, mashine inayotoa uchafu majini kwa povu, inakamua usiku na mchana, kuna na mfuko wa dawa ya kunyonya fosfati, na taa imeshushwa karibu iguse maji. Kafanya yote hayo kwa mapenzi, na ndiyo yaliyomwumiza mwani wake.

Nikamweleza hivi: ule wekundu ni rangi iitwayo fikoeritrini, na ndani yake mna nitrojeni, ambayo mwani huipata kwenye nitrati. Mwani ukiikosa majini, huivunja rangi yake wenyewe ili uishi. "Haumwi, baba. Una njaa." Watu wengi wanaofuga matumbawe wamefundishwa kuiogopa nitrati, kisha wanautendea mwani hivyohivyo, na hapo ndipo unapowafia. Nimeutoa ule mfuko, skima nimeipangia saa chache tu, taa nimeipandisha, na nimemwambia awaongezee samaki chakula kidogo kila siku. Alitaka pia kununua samaki aitwaye kangaja. Nimemkataza, kangaja na tasi ni walaji wa mwani. Paje tulikuwa tukikuta kamba zimetafunwa na tasi tangu ncha.

Saa 1 usiku, dukani. Taa za tangi kubwa zinazimika, za lile dogo la chini linaloungana nalo zinawaka. Mwani ukiwa gizani haufyonzi kaboni dioksidi, na pH ya maji hushuka, yaani asidi inazidi. Mwani wa chini ukifanya kazi usiku, haishuki sana.

Saa 3 nampigia mama. Kotonii, mwani wanaolima kwa kuuza, anasema, haukai tena maji ya karibu na ufuo, joto linauua. Wanapanda aina nyingine, spinosamu, na bei yake ni ndogo. Ananiuliza kama huku watu wanakula huu wangu. Hapana mama, wanautazama tu. Akataka picha. Nimemtumia ya botriokladia, naye ananiuliza unafungwaje kwenye jiwe bila kupasuka.

Alhamisi narudi Seeb kuangalia ncha. Wekundu nautazamia uanzie huko.