Shoo ya Rolls-Royce

Mjomba alinikabidhi ufunguo wa Kobe Septemba 2006, alipokuwa anakwenda Muheza kusimamia michungwa yake. Sharti lilikuwa moja: "Oili ubadilishe kila kilomita elfu tatu. Mengine gari lenyewe litakwambia." Angerudi Desemba kwenye harusi ya dada yangu.

Kobe ni Volkswagen ya mwaka 1968, injini ya sisi (cc) 1300, bluu iliyopauka kama shati la shule lililorithiwa na mtoto wa tatu. Mjomba alilinunua kwa daktari mmoja mmisionari, enzi hizo akiwa fundi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Mtu akimsifia Land Cruiser, yeye hujibu kwa miaka: 1954, 1957, 1962. Hiyo ndiyo miaka ambayo Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda Safari Rally, mbio zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Na ile ya 1962, ataongeza, ilikuwa na injini ya sisi 1200 tu! Orodha hiyo niliijua kabla sijajua kusoma saa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza simu Kariakoo, na mshahara wangu wa kwanza wa maana ulikuwa unaniwasha mfukoni. Dada alikuwa amekubali kupelekwa ukumbini na Kobe. Nikaona haiwezekani bibi harusi wetu apandishwe gari lililofanana na lilivyotoka kiwandani.

Gereji niliyokwenda ilikuwa chini ya mwembe, na fundi bodi wake alikuwa mtu wa maono. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga boneti kwa kidole, akasema, "Hili uso halina. Tuliwekee shoo," yaani ule wavu wa mbele unaopitisha hewa kwenye rejeta. Kama hujawahi kuitazama Volkswagen hiyo kwa mbele, ni kweli: taa mbili, mviringo, basi. Haina shoo kwa sababu haina rejeta. Injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, na bado nilitikisa kichwa kukubali.

Shoo ikachongwa kwa bati la alumini, na nondo zake za wima zilikuwa bomba za pazia zilizokatwa kwa msumeno na kusuguliwa mpaka zikang'aa. Kumi na mbili, nilizihesabu. Tuliiga Rolls-Royce kutoka picha kwenye kalenda. Juu, mahali ambapo Rolls-Royce huwa na yule mwanamke aliyeinama na nguo zinazopepea, fundi aliweka sanamu ya mcheza mpira aliyoing'oa kwenye kikombe cha ligi ya mtaa. Mguu mmoja ulikuwa hewani, tayari kupiga. Ili yote hayo yakae, boneti ilitobolewa shimo la kupita kichwa cha mtoto. (Baadaye sana nilikuja kujua kwamba Wamarekani walikuwa wakiuziana pua za Rolls-Royce za kubandika kwenye Volkswagen miaka ya 1970. Kumbe hata upuuzi wangu ulikuwa mtumba.)

Shoo ilifungua mlango, mengine yakaingia. Taa za bluu chini ya mlango. Vioo vya tinti. Spoila ya Corolla, pana kama ubao wa kukatia nyama, ikafungwa chini kidogo ya kioo cha nyuma. Mbele, kule inakokaa spea, tairi likatolewa na mahali pake ikaingia spika kubwa na amplifaya. Fundi alitaka pia kulishusha gari chini kwa kukata springi. Alijilaza uvunguni karibu nusu saa akizitafuta, akatoka na vumbi usoni na swali. Kobe halina springi za kuzungushwa. Linabebwa na vyuma vilivyojificha ndani ya mabomba, vinajinyonga gari likipanda shimo. Ujinga wetu wote wawili uliliokoa hapo.

Mjomba alifika usiku wa kuamkia harusi, akalala kwa ndugu mwingine Tandika. Asubuhi nilikuwa nimeshaondoka. Hakuwa ameliona.

Tulitoka Temeke saa nane mchana na jua la Desemba, dada na mpambe wake nyuma, gauni limejaa mpaka kwenye vioo, mimi na mpiga picha mbele. Kwa kilomita chache nilikuwa mfalme. Watoto walikimbia pembeni wakipiga makofi. Mcheza mpira aliwaka jua. Barabara ya Mandela, karibu na Buguruni, lori likatumwagia tope kwenye kioo. Nikabonyeza maji ya kuoshea. Kimya. Nikabonyeza tena. Waliolitengeneza gari hili hawakuhangaika na pampu: maji ya kioo husukumwa na upepo wa tairi la spea, kwa kipira chembamba kilichochomekwa kwenye vali yake. Tairi langu la spea lilikuwa nyumbani limeegemea mlango wa jiko. Waipa zikalipaka tope vizuri, upinde mmoja kila upande, nikaendesha huku nimetoa kichwa dirishani kama kondakta.

Foleni ya Ubungo ndiyo ilitumaliza. Tulisogea hatua, tukasimama, hatua, tukasimama, mziki ukidunda miguuni. Kwanza ikaja harufu ya oili ya moto. Halafu injini ikaanza kugonga kama mtu anachambua mchele kwenye ungo wa bati. Halafu ikazima. Taa ya oili ilikuwa imewaka muda gani sijui. Nilikuwa naangalia nje.

Kwa Dar, gari likizima wasaidizi huja kabla hujateremka. Mmoja alikuja na dumu la maji, lita tano, amejaa huruma. Akaenda moja kwa moja kwenye shoo, akachungulia katikati ya nondo, akapapasa akitafuta mahali pa kufungua. "Kaka, kifuniko cha rejeta kiko wapi?" Nikamwambia halina. Akaitazama shoo, akanitazama mimi. "Sasa hii ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Watu walicheka, na katikati ya kicheko hicho Corolla ya upande wa bwana harusi ikasimama, ikamchukua dada yangu. Upande wao, jamani. Shangazi zetu walilizungumza hilo mpaka Pasaka.

Mjomba alifika na bodaboda, kwa hiyo unaweza kupima jinsi habari ilivyosafiri. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Alimtazama mcheza mpira kwa muda mrefu, kwa heshima kidogo. Hakusema kitu. Akaenda nyuma, akaweka kiganja juu ya spoila, akainama, akapitisha kidole kwenye mianya iliyo chini ya kioo cha nyuma. Spoila ilikuwa imeikalia yote.

"Hapa ndipo linapovutia pumzi," akasema. "Umelifunika pua, ukalichongea pua nyingine isiyopumua."

Vali ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua. Huwa ni ya tatu, alinieleza wiki iliyofuata tukiwa tumeishusha injini kwa jeki na tairi kuukuu, maana kipozeo cha oili kimesimama mbele yake na kinaikatia upepo. Boliti nne tu na injini iko chini. Hilo nalo alilisema kwa majivuno, kama amelibuni yeye.

Wiki hiyo ndiyo nilipolijua gari lake. Nilidhani hajagusa kitu tangu daktari aondoke. Nikiwa chini nikaona breki za mbele ni za diski. Kobe la 1300 kama lake lilikuja na breki za ngoma. Alizitoa kwenye Volkswagen ya 1500 iliyopata ajali, zikaingia bila kukata chuma. Taa za mbele zilikuwa na rilei mbili, swichi ndogo za kuzipa umeme kamili, zilizofichwa nyuma ya spea, ndiyo maana zilimulika njia ya Segera kuliko magari mapya. Chujio la petroli alilihamisha kutoka kwenye chumba cha injini, kwa sababu pale likivuja juu ya chuma cha moto gari linawaka. Mikanda ya viti vya nyuma ilikuwa ya basi dogo, imeshonwa upya kwa uzi wa rangi ya viti. Kwa hesabu ya vitu, alikuwa amebadilisha zaidi yangu. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kunionyesha.

"Ulikuwa unauliza rangi," akasema, akaomba spana ya kumi na tatu.

Spoila, taa za bluu na spika vilitoka siku moja. Shoo ilitoka, lakini shimo halitoki. Nilinunua boneti nyingine kwa pesa za miezi miwili, nikaibeba kwenye mkokoteni hadi Temeke, na ilipowekwa ikapita bampa. Ilikuwa ya 1966, ndefu kidogo. Kuanzia modeli ya 1968 boneti ilifupishwa kupisha bampa mpya iliyokaa juu zaidi. Mjomba aliliona tangu ikiwa mkokotenini. Aliniacha niishushe, niifunge na nijionee.

Ya pili, iliyoingia, ilikuwa nyeupe. Pesa ya rangi ilikuwa imekwisha, na ilipopatikana mjomba akasema iachwe. Kwa hiyo mpaka leo Kobe ni bluu lenye boneti nyeupe. Mwaka jana nilikuwa nimeegesha Mwenge, kijana mmoja akalizunguka, akapiga picha ya mbele, akanifuata kwa adabu. Alitaka nimwelekeze gereji iliyonitengenezea hiyo staili.