Mchanga umeingia kwenye lenzi

Tuliegesha gari kungali giza, watoto wamejikunyata kiti cha nyuma. Mume wangu akauliza kama kweli picha haziwezi kungoja kukuche vizuri. Haziwezi. Jua likishapanda, vivuli hupotea na vilima vya mchanga huonekana bapa tu.

Tulipanda pekupeku kwa kufuata ukingo wa juu, mchanga bado baridi. Upande unaopigwa na upepo una mteremko wa taratibu na mchanga ulioshikana. Ule wa pili huinama kwa nyuzi kama 34, ukizidi hapo unaporomoka wenyewe. Huko ndiko kitindamimba wangu alikojibwaga na kubingirika hadi chini, akivuruga viwimbi nilivyokuwa nikivilenga tangu alfajiri. Nilifoka! Kisha nikatazama kioo cha kamera: bila ule mfereji aliouacha, na yeye kule chini mdogo kama punje, usingejua kilima ni kikubwa kiasi gani.

Picha za kwanza zilitoka za kijivu, maana mchanga unaong'aa huidanganya kamera idhani mwanga umezidi. Nikaongeza mwanga kidogo. Lakini kubadilisha lenzi upepo ukivuma, huo ulikuwa ujinga wangu mwenyewe. Hadi leo nikizungusha pete yake inasaga: krr, krr.