Fimbo Mchangani

Nilipofunga kitambaa machoni na kusimama kwenye shimo la mchanga la uwanja wa gofu, nilipiga mchanga mtupu. Mpira ulibaki palepale. Ndipo nilipoielewa Kanuni ya 25 ya gofu, ya wachezaji wenye ulemavu, iliyoanza mwaka 2023, inayomruhusu mchezaji asiyeona kugusisha fimbo mchangani nyuma ya mpira kabla ya kupiga, jambo ambalo kwa wengine huleta adhabu, na msaidizi wake kumsaidia kulenga. Kabla ya mwaka huo ruhusa hizo zilitumika pale tu kamati ya mashindano ilipoziridhia. Sasa zinahusu mashindano yote. Huiita kanuni hiyo upendeleo wale wasiojaribu, nami nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo, klabu ninakochezea bado ina ngazi tatu mlangoni, bila njia ya kiti cha magurudumu.